Namna ya Kurithi Kiti cha Mzee Mbaruk

Jumatatu, 18 Mei 1987
Salaale! Mzee Mbaruk, meneja wa usafiri wa shule yetu hapa Malindi, anastaafu baada ya Idd. Leo ameniita ofisini. Amesema nimeendesha basi la shule miaka tisa bila kugonga hata kuku, basi atanifunza kazi yake, na nikifaa atanitaja kwa Bi Priscilla, mwenye shule. Mimi Kioko, mtoto wa Mwingi, meneja! Na meneja ana nyumba nyuma ya shule. Vyumba viwili, mfereji wa maji ndani. Idah na watoto watatoka Kibarani kwa dada yake, tukae pamoja. Miaka minne sasa naonana nao mwisho wa mwezi tu. Nimemwandikia barua papo hapo, nikamwambia aanze kufunga mizigo.

Jumanne, 19 Mei
Swali linalonikosesha raha: Mzee huyu hufanyaje? Mabasi matatu, madereva wakorofi, wazazi wenye midomo, naye hapazi sauti hata siku moja. Siri iko wapi? Nimemuuliza. Amecheka, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Alipokwenda kuswali adhuhuri nikainama, nikachungulia chini ya meza yake. Makubazi ya zamani na kizibo cha soda. Nitaendelea kupeleleza.

Alhamisi, 21 Mei
Kazi ya kwanza. Mzee ametaka niitembee njia yote ya Ganda kwa miguu, nijue nyumba ya kila mtoto, nani humsubiri, na wapi hujaa maji mvua ikinyesha. Kwa miguu! Na basi ninalo! Nimefikiri sana. Mkubwa hatumwi, hutuma. Basi nimemtuma Harusi, mhudumu wa basi langu, yule anayewashika watoto mikono wakipanda na kushuka. Mwanamke hodari, ila mambo ya uongozi hayajui. Eti akauliza kama Mzee hakutaka niende mwenyewe. Nikamwambia huu ndio umeneja wenyewe. Akaenda, na saumu yake, jua la saa sita. Mimi nimebaki kumchunguza Mzee. Nimegundua jambo kubwa: kabla ya kujibu swali hukohoa mara mbili. Nimeanza mazoezi.

Ijumaa, 22 Mei
Harusi amerudi na habari chungu nzima. Kule kwa Garama mtoto husubiriwa na nyanya asiyeona vizuri, basi lipige honi mara mbili. Kule kwingine kuna mbwa. Sijui nani amehama. Akasema mpaka nikasinzia. Nikamkataza habari za mdomo. Kuanzia leo kila habari aiandike, aiweke juu ya meza ya ofisi, nitaisoma nikipata nafasi. Amesema sawa.
Jioni Mzee akaniuliza habari za Ganda. Nikakohoa mara mbili, nikasema njia ni nzuri. Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani nimemkosha.

Jumatatu, 25 Mei
Barua ya Idah. Ameuza kitanda. Anasema watoto hawalali kwa furaha, na kwamba ananiamini. Nimeisoma mara tatu, machozi yakanilenga. Nimenunua tai.

Jumatano, 27 Mei
Mzee amesema mtihani wangu ni Idd. Siku hiyo shule hufungwa, lakini siku yenyewe haijulikani mpaka mwezi uandame. Huenda kesho, huenda kesho kutwa. Nipite barazani kwake magharibi, nisikilize habari, kisha nipange mabasi yote matatu kwa akili yangu. Mtihani gani huu! Kalenda ya duka la vyuma inasema Idd ni Ijumaa, kwa wino mwekundu. Ubishi wa nini? Lakini heshima ni heshima, nimemtuma Harusi barazani. Madereva wenzangu nimewapangia kazi ya kesho kama kawaida. Sasa nalala mapema.

Alhamisi, 28 Mei
Aibu! Aibu tupu!
Asubuhi Harusi haonekani. Nikamwandikia onyo. Madereva nao hawakuja, nikawaandikia pia. Nikaenda peke yangu, na tai yangu. Mtaa wa kwanza wa njia ile ya Ganda, Shela, watoto wamejaa barabarani, kanzu mpya, hina mikononi. Nikajiuliza, sare ziko wapi? Wakaniambia Idd mubarak, wakapanda. Wakapanda na binamu zao. Wakapanda na watoto nisiowajua kabisa, kila mmoja ananidai mkono wa Idd. Kumbe mwezi uliandama jana! Walidhani shule imewaletea basi la kuwatembeza. Nikafika shuleni, lango limefungwa. Kugeuza, dizeli ikaisha. Watoto sabini na mmoja, na mji mzima unawatafuta siku ya sikukuu. Mama mmoja alifika analia, hana hata kiatu. 
Aliyetuokoa ni Harusi, na gauni lake la Idd. Alimwita kila mtoto kwa jina, akajua huyu wa nyumba ipi na yule wa nani, na kabla ya adhuhuri wote walikuwa kwao. Mzee akaniuliza kama habari za mwezi hazikunifikia. Harusi akajibu kwa adabu kwamba aliziandika, akaziweka mezani kama nilivyoamuru. Nimekwenda kutazama. Zipo. Mwandiko mzuri.

Jumanne, 2 Juni
Bi Priscilla amemtangaza meneja mpya. Harusi. Mzee Mbaruk akanishika bega, akasema kila alichonipa mimi nilimpa mwenzangu, basi na kiti kimemfuata huko huko. Nikajifungia ndani ya basi.
Jioni Idah akafika na watoto watatu na godoro. Wameketi juu ya masanduku mbele ya chumba changu kimoja. Nimemweleza yote. Hakunigombeza. Ameuliza tu maji huchotwa wapi.

Jumatano, 3 Juni
Nimeamka na jibu! Harusi amefunzwa na nani? Na mimi! Kutoka mhudumu hadi meneja kwa wiki mbili. Mzee mwenyewe hajawahi kufunza mtu upesi hivyo. Nitaandika ombi nipewe cheo cha mshauri mkuu, na nyumba yake.
Leo Harusi ameniita ofisini, mpole kama kawaida. Inafunguliwa njia mpya ya Magarini. Anataka niitembee kwa miguu, nijue kila nyumba, na nikiimudu nitakuwa msaidizi wake, tena kuna vyumba viwili karibu na karakana. Idah alipoambiwa, kwa mara ya kwanza tangu afike, alitabasamu.
Nimemtuma Easter, mhudumu mpya. Ameniuliza maswali mengi mno kabla ya kuondoka, sijui yote yale ya nini.