Diski ya Bei ya Kutupa

Jumatatu, 4 Machi
Kompyuta imejaa pomoni. Mke wangu, anayehariri video za harusi hapa sebuleni, amesema haina hata nafasi ya kupumulia, na kuna harusi inayotakiwa Jumamosi. Shemeji, kaka yake, akadakia: ipelekwe kwa fundi, aongeze diski ya pili. Fundi! Kwa nyaya na skrubu tu! Nikasema kazi hiyo naifanya mwenyewe, tena kwa bei ya kutupa. Shemeji akacheka kwa pua. Atanitambua.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata diski kwa muuza vipuri vya mitumba. Nilimuuliza kama ni nzima. Akajibu kwamba hata yeye amechakaa na bado anafanya kazi. Mtu mkweli huyo! Mke wangu alipokwenda sokoni nikafungua boksi la kompyuta. Vumbi la kuoteshea mchicha. Hakukuwa na waya wa umeme wa ziada. Nikauchomoa wa kisomea CD. Nani anasikiliza CD? Skrubu zikagoma kuingia. Nimeibana diski kwa kipande cha kandambili. Imekaa kama imezaliwa humo.

Jumatano, 6 Machi
Imewaka! Inakoroma kidogo, lakini hata mimi hukoroma. Kompyuta ikauliza nataka kufomati, yaani kusafisha ianze upya, diski ipi, D au E. Ukubwa uleule, pacha watupu. Mgeni hukaribishwa mbele. Nikachagua D. Ikauliza kama nina uhakika. Mimi! Nikabonyeza kwa kishindo.

Baadaye. D ilikuwa ya mke wangu. Harusi zote zimefutika. Wachumba wote wamerudi kwao. Nimezima kompyuta. Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwambia mke wangu kuna hitilafu ya umeme. Akabonyeza swichi, taa ikawaka. Nikasema hitilafu iko upande wa kompyuta tu. Akanitazama mpaka shingo ikaniwasha. Nikauliza, kijanja, kama ile harusi bado imo kwenye kamera. Akasema ameshaifuta, si imo kwenye kompyuta? Kisha simu ikalia. Bibi harusi. Nyanya yake amelazwa, hakuiona harusi, na kila siku anawauliza manesi kama video imefika.

Ijumaa, 8 Machi
Nimebeba boksi ndani ya shuka hadi kwa fundi, kwa kupitia vichochoro. Nani yuko pale, anatengenezewa simu? Shemeji! Nikasema boksi ni la rafiki. Fundi akalifungua, akatoa kile kipande cha kandambili kwa ncha za vidole, akakiweka mezani kama daktari aliyetoa risasi. Akauliza kama nimehifadhi chochote humo tangu nifomati. Nikasema hapana, nilikuwa nakaa na kusimama. Akasema hiyo ndiyo pona yangu, vya zamani havijafunikwa na vipya, ila haahidi kitu.

Programu yake ikaanza kutafuta. Mstari ulitambaa kama konokono mgonjwa. Shemeji hakuondoka. Hakucheka pia. Aliniletea maji. Bora angecheka! Mchana ukapita. Ghafla kwenye kioo: bibi harusi anamlisha bwana wake keki. Shemeji akapiga kelele. Mimi machozi. Vumbi lile.

Jumamosi, 9 Machi
Mafaili yamerudi bila majina, yamevurugika kama njugu na mchanga. Shemeji amemweleza dada yake kila kitu. Mke wangu hakugomba. Akavuta kiti cha pili. Tukapanga vipande asubuhi nzima, kiapo kabla ya keki, keki kabla ya ngoma. Ndugu wa bibi harusi wakafika tukiwa tunamalizia. Jioni wamepiga simu: nyanya ameitazama, na ameagiza irudiwe. Mke wangu akashusha pumzi, akanigeukia: "Mwenzangu, wewe na hii kompyuta muwe mnaonana kwa macho tu."

Jumapili, 10 Machi
Nimetubu. Kompyuta yetu siigusi tena. Ila nimetafakari vizuri: kosa lilikuwa herufi moja tu. Kazi ya mikono ilikuwa safi! Leo jirani wa juu, mshonaji, amelalamika kwamba cherehani yake ya umeme inajikokota, na kesho ana magauni ya kumalizia. Nimemwambia gharama za nini, na majirani tupo? Ameniachia ufunguo. Bisibisi ninayo.