Sikio la Honorine Ukutani

Jumatatu, 2 Machi 1874

Bwana Valcourt, mchoraji wa ghorofa ya juu, anatafuta mwanamke wa kuchora. Binti mwenye huzuni, gauni la hariri ya buluu, kasimama dirishani. Alikuwa anashuka kwenda kwenye chemchemi ya Pigalle, ambako kila Jumatatu wasichana wa kuchorwa hujipanga kama kuku wa sokoni. Nikamzuia. Mlinda mlango wa jengo hili ni mimi, hapiti mtu! Nikamwambia mjukuu wangu Honorine yupo, meno yote anayo. Akamkagua kama anayenunua samaki. Akakubali!

Mpango: picha itundikwe kwenye Maonyesho Makuu ya picha ya jiji, Bwana Pinchon mfamasia aione. Mgane huyo ataoa kabla ya kiangazi, na bado anasitasita kati ya Honorine na Clémence, binti wa Zélie dobi. Akimwona wangu ndani ya hariri, Clémence kwisha habari yake.

Alhamisi, 5 Machi

Laana! Zélie kanusa. Kapandisha binti yake ngazi wakati nimeinamia vitunguu. Sasa Honorine anachorwa uso, Clémence mikono. Nikamwambia Zélie mikono ile imeliwa na magadi. Eti afadhali magadi, mjukuu wangu ananuka supu. Mshenzi!

Honorine naye mzigo. Kaambiwa amfikirie mpenzi aliyekwenda vitani. Kamfikiria Pinchon, akapiga miayo.

Nikapanda kwa mchoraji na bakuli la supu. Nikamwambia pua iwe ileile, ni pua ya ukoo. Akasema yeye huchora wanawake jinsi walivyopaswa kuwa. Sikuelewa. Nikaitikia.

Jumatano, 18 Machi

Picha imeondoka kwenda kwenye Maonyesho, imefunikwa shuka. Nikainua pembe nichungulie. Sikio! La Honorine, lile lililojikunja kama la paka. Moyo umetulia. Nimemwalika Pinchon Jumapili ya kwanza ya Mei, siku ya kuingia bure. Nimemwambia aje amwone mchumba wake.

Jumapili, 3 Mei

Aibu tupu. Picha iko juu karibu na dari, shingo zikatuuma. Uso si wa Honorine. Si wa Clémence. Pembeni kuna picha nyingine ya Valcourt, mke wa mwenye benki fulani. Uso uleule! Ya tatu, mchunga kondoo. Uleule! Kama keki za kalibu moja.

Zélie, naye kaja bila kualikwa, akapiga kelele kwamba mikono ni ya kwake. Nami nikapaza sauti: sikio je? Watu wakaacha picha, wakatutazama sisi.

Pinchon hakusikia kitu. Kasimama mdomo wazi, macho yamelowa. Akamshika koti Valcourt, aliyekuwa kasimama kando ya picha zake, akamsihi amtajie mwenye uso ule, amwoe hata kesho. Valcourt akasema uso ule hauna mwenyewe. Ni kichwa cha jasi, sanamu nyeupe waliyokuwa wakiinakili shuleni alipokuwa kijana. Miaka thelathini anakichora hichohicho.

Pinchon kaondoka bila kuaga, anajipangusa kamasi. Honorine kacheka mpaka kaketi sakafuni. Anasema kapona, yeye hakumtaka mzee yule tangu mwanzo.

Jumatatu, 4 Mei

Mtoto hajui anachokitaka. Na mimi sijakosea popote, aliyekosea ni mchoraji. Pinchon anataka jasi? Atapata jasi! Nimenunua poda ya uso ya unga wa mchele, kopo zima, dukani kwake mwenyewe. Jumamosi nampaka Honorine uso na shingo, namsimamisha mbele ya duka. Nimemwonya asipepese macho.