Miwani ya Shangazi

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha. Aibu tupu! Nimekwenda na sketi ya bluu. Kumbe sare ya wanafunzi nayo ni ya bluu, na kimo changu ndicho hiki Mungu alichonijalia. Naibu mkuu akapuliza filimbi, akanisukumia kwenye mstari wa wachelewaji. Nikamweleza kwamba mimi ni mwalimu wa mazoezi. Akasema hata mchelewaji wa wiki jana alidai ni mkaguzi. Nimeokota karatasi uwanjani mpaka karani wa shule akaja kuniokoa.

Kilichoniuma zaidi ni mwanachuo mwenzangu, huyu ninayemwita Mnara kwa urefu na ndevu zake. Aliingia langoni nyuma yangu, kachelewa kunishinda, na naibu mkuu nusura ampe shikamoo! Kwenye chumba cha walimu, Mnara akavutiwa kiti. Mimi nikatumwa chaki.

Alhamisi mkufunzi anatoka chuoni kuja kunikagua. Nikifeli, mwaka mzima narudia. Lazima nizeeke kabla ya Alhamisi.

Jumanne, 7 Mei

Akili ni mali! Shangazi ninayeishi kwake ni fundi cherehani. Ana miwani ya vioo vizito kama vitako vya chupa. Nimeiazima. (Mwenyewe hajui.)

Nilipoingia Kidato cha Pili, wote wima! Hata mguno sikusikia. Tatizo dogo tu: chochote kilicho mbali kuliko mkono wangu ni ukungu. Nimeandika tarehe ukutani, ubao uko pembeni. Wakanakili kimya. Hiyo ndiyo heshima.

Jumatano, 8 Mei

Shangazi anapindua nyumba akitafuta miwani. Leo kamshonea mteja suruali, mguu mmoja kauziba chini kama gunia. Mteja kavuta, kavuta, kaanguka juu ya meza ya kupigia pasi. Nikamshauri Shangazi ale karoti. Akasema karoti hazitungi uzi. Huruma iliniingia. Ikatoka.

Mnara kaniuliza kama niko tayari kwa kesho, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. Nikamwambia asubiri aone.

Alhamisi, 9 Mei

Acha niandike kabla sijasahau.

Kipindi cha pili, somo la ngeli. Mkufunzi hakuonekana, nikaanza bila yeye. Katikati ya somo mlango ukalia, kivuli kikapita kikaenda kukaa nyuma. Kikakohoa. Kikakwaruza kiti. Nikaona mwanafunzi huyu ananipima. Nikafoka, "Wewe wa nyuma! Unaingia kwangu bila hodi? Simama!"

Akasimama. Akaendelea kusimama, maana alikuwa mrefu. Nikamwamuru atoe mikono mfukoni, kisha anitajie "kiongozi" iko ngeli gani. Kwa sauti ndogo akasema A-WA. Nikamwambia sawa, lakini siku nyingine awahi.

Nikavua miwani niifute. Mama yangu! Upara. Tai. Faili la chuo kifuani.

Nilitaka ardhi ipasuke. Haikupasuka, basi nikaendelea kufundisha. Mdomo ulikwenda wenyewe, mimi sikuwepo.

Baada ya kengele mkufunzi akaniita nje. Nikaanza kuomba radhi, akaninyamazisha kwa mkono. Akasema mimi ndiye mwalimu wa mazoezi wa kwanza ambaye hakumbabaikia. Wengine humfundisha yeye, wanafunzi wanasinzia. Mnara, kwa mfano, asubuhi kafundisha kipindi kizima akimtazama mkufunzi usoni, hata mwanafunzi aliyenyoosha mkono kuomba kwenda chooni hakumwona. Akasema nimefaulu, tena vizuri, na kwamba kwa kuchelewa kweli ana makosa.

Nilishusha pumzi iliyokaa kifuani tangu Jumatatu. Nikaenda nyuma ya maktaba, nikacheka peke yangu, nikalia kidogo, nikacheka tena.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeichomeka miwani chini ya vitambaa vya Shangazi. Kaiona asubuhi. Akauliza tangu lini miwani inapakwa chaki. Nikasema dunia ina mambo. Akanitazama sana, lakini akacheka, akaenda kuufumua ule mguu wa suruali. Nyumba imetulia. Na mimi nimetulia, nimekunywa chai vikombe viwili kama mtu asiye na deni la dhambi.

Nimetafakari yaliyotokea na funzo ni wazi: kuzeeka kunalipa. Wiki ijayo anakuja mkufunzi wa pili, mwanamke, mkali kuliko huyu. Miwani peke yake haitoshi. Nimeshajipaka unga wa ngano kwenye nywele za kipaji cha uso, umekaa vizuri. Sasa nafanya mazoezi ya kuchechemea sebuleni.

Shangazi kauliza kama kiatu kinanibana. Nimemwambia ni uzee tu, mwanangu.