Koki ya Sokoni na Barua ya Kurasa Nne

Jumatatu, tarehe 6

Nimewasili ukumbini saa moja na nusu asubuhi, wa kwanza kati ya madiwani wapya ishirini na mmoja. Mafunzo ya uongozi na usimamizi, siku tano. Suti ya kijivu. Kalamu tatu. Mwezeshaji, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, ametangaza kwamba Ijumaa atapendekeza jina moja la mwenyekiti wa kamati ya maji. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Sikuona mpinzani. Miaka kumi na tisa nimewaandikia wananchi maombi yao mezani pangu, nje ya ofisi ya ardhi. Nani humu anaweza kuandika "kwa heshima na taadhima" bila kutetemeka?

Ikabidi tuchague kiongozi wa darasa. Nikasimama, nikasoma ombi langu la maandishi. Aya ya tatu, makofi! Nikainama kushukuru. Kumbe wamekwisha kumchagua Mwuza Nyama, diwani mwenye bucha kando ya soko, kwa kunyoosha mikono. Alikuwa amesema maneno manne tu: nipeni mimi, tumalize mapema.

Jioni mke wangu akaniuliza kama tumezungumzia maji. Anauza mboga sokoni, na bomba la pale limekauka mwaka wa tatu sasa. Hubeba ndoo kutoka ng'ambo ya barabara. Nikamweleza kwamba leo tulikuwa tunaweka misingi. Akasema sawa, Mheshimiwa, na mimi kesho mboga nitaziosha kwa misingi.

Huniita Mheshimiwa akikasirika tu.

Jumanne, tarehe 7

Somo la kusikiliza. Kila mtu amsikilize mwenzake dakika tano bila kumkatiza. Nikapangwa na Mwuza Nyama! Nilimsahihisha mara kumi na moja, kwa faida yake mwenyewe. Alama mbili kati ya kumi. Nimekata rufaa kwa maandishi. Mwezeshaji ameipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini ya chupa ya chai isichafue meza. (Chupa, si rufaa.)

Jumatano, tarehe 8

Leo kila mmoja amepewa jalada lenye barua halisi ya malalamiko kutoka kabati la halmashauri, barua ambayo haikuwahi kujibiwa. Tuifanyie kazi, kesho tutoe taarifa. Nikafungua langu. Mwandiko wangu! Ndiyo ile barua niliyowaandikia wauzaji wa sokoni miaka mitatu iliyopita, mke wangu akiwa wa kwanza kutia sahihi. Kurasa nne. Bado inang'aa. Pembeni karani fulani ameandika kwa penseli: "Huyu anaomba nini?" Elimu imeshuka sana nchini.

Ndipo likanijia wazo. Barua hii ina sentensi moja ya mistari kumi na saba. Mwuza Nyama aliacha shule mapema, wala hafichi. Ikimwangukia yeye, atazama humo asionekane tena! Wakati wa chai, watu wakigombania vikombe, nikabadilisha majalada. Langu jipya: mbwa anayebweka karibu na zahanati. Jepesi. Nimelijibu kwa kurasa sita.

Mke wangu amerudi mapema, anaimba. Akataka kunieleza jambo. Nikamwinulia kiganja. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne.

Alhamisi, tarehe 9

Balaa! Yule mtu hakuisoma barua kabisa! Kaona kurasa nne, kageuza mpaka mwisho, kakuta majina na namba za simu za wauzaji, kampigia wa kwanza. Mke wangu! Mwuza Nyama akatusimulia mbele ya darasa zima, bila hata karatasi mkononi: eti alimuuliza, shemeji, hapa mlikuwa mnaomba nini hasa? Eti akajibiwa, tulitaka bomba lifunguliwe tu, shemeji, na wewe ndiye mtu wa kwanza kuuliza.

Wamecheka mpaka mwezeshaji akavua miwani.

Baada ya simu hiyo, Mwuza Nyama akamtafuta fundi bomba. Fundi akasema koki ilifungwa siku barabara ilipochimbwa, naye tangu hapo anangoja kuambiwa aifungue. Akaambiwa. Saa tisa alasiri jana maji yakatoka. Taarifa yote, dakika moja na nusu.

Nikanyoosha mkono, nikaomba kumbukumbu namba ya agizo hilo. Hana! Hana barua, hana nakala, hana muhuri! Akanitazama kwa upole, akasema, ndugu yangu, maji yanatoka.

Hilo si jibu.

Ijumaa, tarehe 10

Amependekezwa yeye. Mimi nimepewa cheti cha kuhudhuria. Mwezeshaji akanivuta pembeni, akaniambia kwamba ameutambua mwandiko wangu kutokana na ile rufaa, na kwamba katika ile barua neno "bomba" linaonekana kwa mara ya kwanza ukurasa wa nne, mstari wa mwisho. Akauliza hilo linanifundisha nini. Nikamjibu kwamba siku ile nilikuwa na karatasi chache.

Mwuza Nyama naye ameniomba niwe katibu wa kamati yake. Eti, wewe unajua kuandika, kaka, mimi najua kupiga simu, tusaidiane. Nimemtaka alete ombi hilo kwa maandishi.

Jumamosi, tarehe 11

Mke wangu ameniletea dumu la maji ya sokoni, kaliweka mezani kama kombe la ubingwa. Nikalisogeza, kwani nilihitaji nafasi. Ninaandika pingamizi: koki ile ifungwe tena kwa muda, ili ipate kufunguliwa kwa kufuata utaratibu. Kurasa tisa, na safari hii karatasi zipo za kutosha. Akachungulia begani, akauliza ninaomba nini. Nikamwambia asome, atakuta mwishoni. Akasema sawa, Mheshimiwa, akatoka, akanifungia mlango kwa nje na kuondoka na ufunguo.

Sijali. Nimenawa mikono kwa maji ya dumu lile, nisije nikachafua karatasi, na sasa naanza.