Vishikwambi Vilivyovuka Mpaka

Jumatatu, 2 Septemba

Habari kubwa ofisini Bangwe. Meneja wetu, Mama Honorata, anatafuta naibu. Ijumaa atamtaja. Tumebaki wawili: mimi, Japhet, mtu wa kompyuta, na Castory, msimamizi wa kituo chetu cha kununulia dagaa kule Kagunga. Castory anapendwa na wavuvi. Mimi nina mfumo.

Mfumo uko mtandaoni. Nikiwa nimekaa kitini hapa naweza kukifunga kishikwambi chochote cha kampuni, hata kikiwa Kagunga, mwendo mrefu wa boti ziwani. Hatua ya kwanza: nimemwondolea Leonida wa uhasibu mamlaka ya kuuingia. Alikuwa msaidizi wangu. Nimemwambia ni mambo ya usalama. Ukweli, sifa haigawanywi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeandika programu ndogo. Inaongea na mfumo yenyewe, kwa njia ya API, bila mtu kubonyeza chochote. Kila mara inauliza: kifaa hiki kiko nchi gani? Kilicho nje ya Tanzania kinafungwa papo hapo. Kagunga iko puani mwa Burundi. Nani ajuaye Castory anavipeleka wapi?

Mama Honorata kaisifu. Kasema tu nisubiri giza la mwezi lipite, maana sasa wavuvi wanatoka kila usiku na Kagunga hawapumui. Nikasema ndiyo, Mama. Nimeiwasha mchana huu.

Vifaa vyangu pia nimeviingiza, laptop na simu. Kiongozi huonyesha mfano.

Jumatano, 4 Septemba

Castory kapiga alfajiri kwa simu ya mvuvi. Vishikwambi vyote vya Kagunga vimejifunga. Uzito wote wa dagaa huingizwa humo. Mitumbwi imejaa dagaa, na wanunuzi wengine wameshaanza kunyemelea.

Nikaelewa mara moja. Kule minara ya Burundi ina nguvu kuliko yetu. Kishikwambi kinashika mtandao wa jirani, programu yangu inakiona kimevuka. Kumbe!

Ningeweza kuvifungua palepale. Ila ningeulizwa ni nani aliyevifunga. Bora niende mwenyewe, nionekane nimeokoa jahazi. Mama Honorata nimemwambia ni hitilafu inayotaka mtaalamu awepo. Akanipa boti.

Kagunga, jioni. Wavuvi, wanawake wa kuanika dagaa, Castory, wote wakanizunguka. Nikafungua laptop, nikaiunganisha na intaneti ya simu yangu. Simu ilikuwa imeshapokea ujumbe wa kuikaribisha Burundi. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe: KIFAA HIKI KIMEVUKA MPAKA BILA RUHUSA. MPIGIE JAPHET. Chini yake, namba yangu. Simu nayo ikajifunga.

Castory akayasoma kwa sauti, taratibu. "Haya," akasema, "tumpigie."

Alhamisi, 5 Septemba

Nimelala Kagunga. Castory kanilisha ugali na samaki wa migebuka bila neno la lawama. Hilo linaudhi kuliko matusi. Na jana hakuwa amenisubiri: alipima dagaa kwa ndoo, akaandika kwa mkaa ubavuni mwa mitumbwi. Hata hivyo wavuvi wengi walishauza kwingine.

Nikaazima simu, nikawapigia wenye mfumo. Watanisaidia, wakasema, nikiwatajia tarakimu walizotuma kwenye simu yangu. Ile iliyofungwa. Nikampigia Mama Honorata. Akauliza kwa nini Leonida asivifungue yeye. Nikamweleza.

"Japhet mwanangu," akasema, "rudi."

Nimerudi. Nimefungua kila kitu kwa kompyuta ya mezani, ambayo haijawahi kusafiri.

Ijumaa, 6 Septemba

Naibu ni Castory, aliyeitwa aje ofisini. Watu wamepiga makofi, Leonida kuliko wote. Mama Honorata kaniagiza niizime programu ile na nimrudishie Leonida mamlaka yake. Programu nimeizima. La Leonida nimesema Jumatatu, nikitulia.

Sijakata tamaa. Kosa nimelijua: nilitegemea minara. Toleo jipya linatumia setilaiti, nayo haidanganywi na Burundi. Tena halina habari na mipaka kabisa. Nimefikiria hatari kubwa zaidi. Kifaa kikidondoka majini, kikaopolewa na nyavu za mtu, siri za kampuni ziko mikononi mwake. Basi kifaa chochote kitakachoonekana katikati ya ziwa kitahesabiwa kimezama, na kila kilichomo kitafutwa. Nimeliwasha jioni hii. Nimeanza na simu za wakubwa, ndizo zenye siri.

Kesho Mama Honorata anampeleka Castory Kagunga kuwaaga wenzake. Wanapanda boti asubuhi. Safari ni ndefu. Watapata muda wa kutosha kutambua nani alistahili unaibu.