Hewa Kavu ya Wingwi

Jumatano, 25 Januari 1961

Wete. Joto. Kaskazi inavuma kavu, na nyumba yangu imenyamaza kama chuo cha Kurani siku ya Ijumaa.

Nimesoma katika jarida la Misri, lililonifikia likiwa limekwisha kuzeeka, kwamba wenye nafasi huko huwachukua watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima wakaenda nao jangwani kupumzika wakati wa kiangazi. Hewa kavu, anaandika mwandishi, husafisha kifua na kulainisha tabia. Nimeirudia sentensi hiyo. Tabia!

Hali ya wanangu ni hii. Nyange, mkubwa, karani Chake Chake, ni wa chama kimoja. Bimkubwa, wa pili, ameolewa hapa Wete na Msellem mwenye duka, na wote wawili ni wa chama cha pili. Jaribu, kitinda mimba, ni wa chama chochote chenye wali. Tangu uchaguzi wa wiki iliyopita Nyange hanunui hata kibiriti kwa shemeji yake, na Bimkubwa ameapa kwamba hatatia mkono katika sinia moja na kaka yake. Na Ramadhani hiyo inakuja. Nami ni mzee. Nataka kuwaona watatu hawa, kwa macho yangu, wakila sinia moja kama walivyokula utotoni. Vinginevyo nitazikwa na vyama viwili, kila kimoja na jeneza lake.

Hoja ni nyepesi. Jangwani hakuna baraza la chama. Jangwani hakuna duka la kugomewa. Jangwani hakuna mlango wa kutokea kwa hasira. Kwa hiyo, jangwani watakula pamoja. Nimeikagua kwa kanuni zote za mantiki. Haina ufa.

Pemba haina jangwa. Hilo ni suala la utekelezaji.

Bi Mwatum, mke wangu, amesema watoto huitwa kwa chungu, hawaitwi kwa hewa. Nimemweleza tofauti baina ya sababu ya karibu na sababu ya mbali. Ameinuka akaenda kukuna nazi.

Ijumaa, 27 Januari

Baada ya sala nilikutana na Maalim Safari, mwenzangu wa zamani katika kufundisha, mtu ambaye elimu yake ni pana kama ukindu wa mkeka na nene vilevile. Alikuwa amezungukwa na wanawe wote wanne. Wote chama kimoja! Wamevaa kanzu za pasi moja! Akanieleza, bila kuulizwa, kwamba wanampeleka Unguja kutembea. Akaongeza kwamba kuna watu wa shamba huko kaskazini walimtaka akawasomee, lakini amewapelekea udhuru wa magoti.

Kisha akaniuliza wangu hawajambo. Nikasema hawajambo. Akasema amewaona sokoni, mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule. Alitabasamu.

Sikulala mchana.

Jumatatu, 30 Januari

Jangwa limepatikana! Mashariki ya Wingwi kuna uwanda wa mawe na mchanga ambako, kwa maelezo ya watu wanne nisiowaamini sawasawa, hakujanyesha tangu vuli. Mihogo imekauka ikiwa bado ardhini. Visima vimeingia chumvi. Hata kunguru wamehama. Nilifurahi kupita kiasi.

Nimenunua mbuzi sokoni kwa mchuuzi wa Wingwi, mtu anayeitwa Masika, na kumpa ujumbe kwa mkubwa wa kijiji chake, Mzee Ahmada: Jumapili asubuhi nitakuja uwandani pamoja na wanangu, asiandae chochote ila gari la ng'ombe la kutuchukua kutoka barabarani.

Masika aliduwaa. Akaniuliza: na Maalim Safari? Nikajibu, kwa ukali kidogo, kwamba Maalim Safari ana magoti, na kwamba mimi natosha. Hapo aliushika mkono wangu akaubusu, akasema, "Mungu akulipe, Maalim. Tulikuwa tushakata tamaa."

Watu wa Wingwi wana adabu. Mtu anakwenda kwao kupumzika, wao wanashukuru.

Alhamisi, 2 Februari

Mialiko imekwisha. Nyange nimemwambia kwamba ni yeye peke yake, kwa kuwa ni mkubwa. Bimkubwa nimemwambia kwamba ni yeye na mumewe tu, kwa kuwa ni binti. Jaribu nimemwambia ukweli, kisha nikaununua ukimya wake kwa ahadi ya maini yote ya mbuzi. Alidai na figo. Nimekubali.

Sinia ni moja. Bi Mwatum alitaka kupakia na sahani. Nimezitoa sahani kikapuni na kuzificha darini.

Jumamosi, 4 Februari

Agizo la mwisho kuhusu mavazi. Uwanda una vumbi na miiba, kwa hiyo kila mtu avae nguo kuukuu. Joho langu jeusi nitalivaa ndani nje, ili vumbi lishike bitana na uso ubaki safi. Bi Mwatum aliuliza kama nina hakika. Nimemjibu kwamba jambo hili limefikiriwa.

Jumapili, 5 Februari. Usiku, nikitetemeka

Ninaandika kwa utaratibu, maana utaratibu ndio pekee uliobaki.

Lori lilituchukua alfajiri, giza bado. Nyange nilimkalisha mbele, kati yangu na dereva. Bimkubwa na Msellem walipanda nyuma, pamoja na mama yao, Jaribu, mbuzi na vyungu. Hakuna aliyemwona mwenziwe. Mpango uliendeshwa bila dosari mpaka Wingwi, ambako jua lilichomoza.

Nyange alishuka, akatazama nyuma. Msellem akasema, "Kumbe na huyu yumo! Ndiyo maana gari lilikuwa zito." Nyange akajibu kwamba uzito ni wa mizani za dukani kwake. Bimkubwa akatangaza kwamba hashuki. Nyange akatangaza kwamba anapanda kurudi. Dereva akatangaza kwamba anakwenda kuchukua mzigo wa mtu na atarejea jioni, anayetaka kukaa juu ya magunia akae. Walishuka wote. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Gari la ng'ombe lilitungoja, kama nilivyoagiza. Tukaingia uwandani: mimi mbele na joho langu limegeuzwa, nyuma yangu wanangu na matambara yao, kisha ng'ombe, kisha mbuzi akilia.

Uwanda ulikuwa umejaa watu.

Safu kwa safu. Wanaume, wanawake nyuma yao, wazee wameshikwa mikono, watoto wachanga wanalia. Nguo kuukuu, kila mmoja. Pembeni ng'ombe na mbuzi wa kijiji kizima, mbavu nje. Mzee Ahmada alinijia bila viatu. "Tumefunga siku tatu, Maalim. Leo ya nne. Umekuja kama kitabu kilivyosema, hata joho umeshaligeuza."

Nimefundisha fiqhi ujana wangu wote. Mlango wa sala ya kuomba mvua nimeusomesha kwa vizazi viwili. Watu watoke mahali pa wazi. Watoke na watoto na wanyama. Wavae nguo za unyonge. Imamu ageuze joho lake. Sikuona kitu!

Nyange alinisogelea akaninong'oneza, "Baba, umetuleta kwenye ukavu kuja kuomba mvua?" Nikamwelekeza kwenye safu. Akaenda.

Ningekataa vipi? Mbele yangu alisimama mama mmoja na mtungi wa maji ya rangi ya udongo, naye anautazama mdomo wangu kama kwamba mvua imo humo. Nikasalisha. Nikahutubu. Nikainua mikono na kuwaombea kwa moyo wote, kweli wote. Lakini mwishoni nikakumbuka vyungu, na sinia, na mawingu madogo niliyoyaona upande wa kijiji cha Msuka. Nilihitaji ukavu mpaka alasiri tu! Nikaongeza, kwa Kiarabu, ile dua isemayo: Mola wetu, pembezoni mwetu, si juu yetu. Ni dua sahihi, imepokewa kwa Mtume. Ila huombwa mvua inapozidi.

Watu wote wakaitikia amina. Kutoka safu za wanawake nikasikia mtu akipaliwa. Bimkubwa. Kiarabu nilimfundisha mimi mwenyewe.

Iliteremka kabla hatujakunja mikeka. Si manyunyu. Ilimwagwa. Tena juu yetu, haswa juu yetu! Watu walilia, wakapiga vigelegele, wakakinga mitungi na vichwa. Vijana wakaninyanyua mabegani. Nikawaambia kwamba wanangu wako kule, vyungu viko kule, nina shughuli. Wakadhani ni unyenyekevu.

Nilikalishwa nyumbani kwa Mzee Ahmada, mahali pa heshima, chini ya tundu la paa. Wote walikuwa wamefunga. Wakachukulia kwamba na mimi nimefunga. Asubuhi nilikunywa chai na maandazi, lakini mtu aliyeteremsha mvua hawezi kusema habari za maandazi. Nimeshinda na njaa mpaka magharibi, kwa sababu ya heshima. Mbuzi ametolewa sadaka. Nimesikia sauti ya Jaribu kwa mbali ikiuliza habari za maini.

Jioni lori lilikuja. Nilikaa mbele peke yangu na dereva. Nyuma, chini ya turubai, walikuwa wakicheka. Wote. Niliitambua sauti ya Nyange, ambayo sijaisikia ikicheka tangu mwaka jana. Nikamuuliza dereva wanacheka nini. Akasema, "Injini hiyo, Maalim."

Jumatatu, 6 Februari

Homa. Kifua kimefunga. Hewa kavu!

Bi Mwatum ameniletea uji akanisimulia. Mvua ilipoanza walikimbilia chini ya gari la ng'ombe. Mahali pa mtu mmoja, wakaingia watano. Pilau ya kuku aliyokuja nayo chunguni ilikuwa bado na moto. Sahani hapana, sinia moja. Walitazama magurudumu. Kisha Bimkubwa akasema, kwa sauti yangu hasa, "Pembezoni mwetu, si juu yetu," na tone kubwa likamwangukia Nyange puani. Hapo walivunjika mbavu. Msellem alimkatia Nyange paja la kuku kwa mkono wake. Jaribu alikula vilivyobaki, yaani vingi.

Nikamwuliza: sinia moja? Akasema moja. Mikono yote? Yote.

Nikageukia ukutani. Jambo nililolitaka kuliona kabla ya kufa limetokea, nami nilikuwa chini ya tundu la paa nikisifiwa.

Bi Mwatum alikaa kitandani kidogo. Akasema wamekwisha kukubaliana wenyewe: Jumapili ijayo watakuja hapa nyumbani, wote, kuvunja jungu kabla ya Ramadhani. Nyange amekunywa kahawa dukani kwa Msellem kabla ya kurudi Chake. "Na wewe utakaa kati, Maalim. Sinia lile lile."

Nilimaliza uji. Nilikuwa nikifikiri.

Alhamisi, 9 Februari

Homa imeshuka na akili imerudi mahali pake.

Nimelichambua tukio. Ni kosa la kawaida la wasiosoma kudhani kwamba mvua ndiyo iliyowapatanisha. Mvua ni aradhi, jambo la kupita. Ukavu ndio dhati, kiini chenyewe. Bila ukavu wasingekwenda Wingwi. Bila kwenda Wingwi wasingekula. Hoja yangu ya kwanza imethibitika yote, isipokuwa kwamba mimi sikuwapo. Kwa hiyo jaribio lirudiwe, nami niwepo.

Karamu ya nyumbani haifai. Nyumba ina milango miwili na inatazamana na baraza la chama. Nimewapelekea habari wote watatu kwamba Jumapili ya hapa imefutwa. Bi Mwatum yuko jikoni tangu adhuhuri. Anakuna nazi, ingawa hakuna karamu ya kupikia.

Maalim Safari amerudi kutoka Unguja. Amenipita njiani bila salamu. Inasemekana analalamika kwamba nimemchukulia watu wake. Raha ndogo, lakini raha.

Habari njema kuliko zote: mvua ile haikufika Msuka hata tone. Msuka kumekauka kuliko Wingwi! Nimempelekea mkubwa wa huko ujumbe kwamba Jumapili asubuhi nitafika uwandani kwao pamoja na wanangu, asiandae chochote.

Majibu yamekuja jioni hii. Wamefurahi mno. Mjumbe ameubusu mkono wangu. Anasema watu wote watatoka kunipokea, na ng'ombe wao na mbuzi wao, jambo ambalo ni ukarimu kupita kiasi. Anasema pia kwamba kijiji kizima kimekwisha kuanza kufunga. Ajabu! Nusu ya Shaaban imepita. Kufunga sasa bila sababu hakujuzu. Nikifika nitawasomesha mlango huo.

Nimeliomba joho. Njia ya Msuka ina vumbi. Nitalivaa ndani nje.