Hotuba ya Kukamilika kwa Mradi wa Kuiamsha Kompyuta

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bi Najat kutoka wizarani, uliyekubali kuacha majukumu yako mazito pamoja na feni ya ofisini kwako ili uje kukaa nasi hapa chini ya turubai. Waheshimiwa wakuu wa idara mliopo, mlio njiani, na mliotuma wawakilishi. Waheshimiwa wawakilishi wenyewe. Wenyeviti wa mitaa ya Temeke, na kwa namna ya pekee mafundi seremala wa Keko, kwa kuwa viti tulivyokalia ni vyao na wameomba virudi vikiwa na miguu yote minne. Masheikh, mapadri, akina mama wa vitumbua. Na mwisho, ingawa kwa uzito wa madaraka ningeweza kuwa wa kwanza, mimi mwenyewe, Zahor Mbaraka, Mkuu wa Ofisi ya Leseni Ndogondogo za Ufundi, Mwenyekiti wa Kamati ya Vifaa, Kaimu Mwenyekiti wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Vifaa, na Mratibu wa Mradi wa Kuharakisha Uwashaji wa Kompyuta, Awamu ya Kwanza. Kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anauliza kama soda zinatoka kabla ya hotuba au baada.)

Ndugu wananchi, mtakumbuka kwamba mwaka jana, katika zama hizi za soko huria ambapo hata muuza mkaa anataka efishensi, ofisi yangu ilikuwa ya kwanza katika kona hii ya Temeke kupata kompyuta. Moja. Lakini moja nzima, yenye kioo, kibodi, na kitambaa cha kufuma alichokitoa mke wangu kwa moyo wa kizalendo ili kuifunika isipate vumbi la randa linalotoka Keko kila upepo ukigeuka. Kwa miezi mitatu mashine hiyo ilikuwa ikiwashwa saa moja na nusu asubuhi, na kabla karani hajamaliza kufunga dirisha iko tayari kuchapa leseni. Hayo yalikuwa mafanikio yangu ya kwanza. (Makofi ya wastani.)

Ndipo nikaenda semina Arusha. Katika semina ile, ambayo niliihudhuria kwa siku tano na kuielewa kwa siku mbili, tulifundishwa kwamba kompyuta inaweza kuingiliwa na virusi, yaani programu za uharibifu zinazojipenyeza kupitia diski za watu, na kila mshiriki akapewa diski yenye programu ya ukaguzi. Nilirudi nayo mfukoni mwa koti. Nikatoa Waraka Namba Saba, kwamba kama mlinzi anamkagua kila mtu getini, basi kompyuta nayo ikaguliwe kila asubuhi, faili kwa faili, kabla haijagusa kazi ya serikali. Na fundi aliyetuuzia kompyuta akauweka ukaguzi huo katika orodha ya mambo ambayo mashine huyafanya inapoamka. Katika ukaguzi mia moja sitini na nane hatukukamata kirusi hata kimoja, jambo linaloonyesha jinsi walivyotuogopa. (Kicheko. Msemaji anakipokea kama pongezi.)

Sasa, kukatokea changamoto. Mashine ikaanza kuchelewa kuamka. Ilikuwa ikiwashwa saa moja na nusu na kufika saa nne bado haijawa tayari, na foleni ya wananchi ikatoka mlangoni, ikapita kwa fundi viatu, ikakunja kona. Ndugu Salumu, seremala wa Keko, yule pale aliyesimama, alikuja siku tisa mfululizo kufuata leseni yake, mpaka akamaliza kututengenezea benchi la foleni akiwa ndani ya foleni. (Salumu anasema ni siku kumi na moja.) Siku kumi na moja, nasahihishwa, takwimu zangu ziliishia Ijumaa.

Je, uongozi ulilala? Haukulala. Niliunda tume. Tume ikabaini joto, tukaweka feni, mashine ikachelewa kwa ubaridi. Ikabaini umeme kupanda na kushuka, tukaleta kifaa cha kuutuliza, mashine ikachelewa kwa utulivu. Tukaivua kitambaa, tukairudishia baada ya malalamiko kutoka nyumbani kwangu. Tukaigeuza ikatazama mashariki. Hatimaye, baada ya strateji zote kuisha, tume ilibaini kwa kauli moja, na kauli hiyo ilikuwa yangu, kwamba tatizo ni mkono wa karani. (Minong'ono.)

Karani mwenyewe ni Bi Felicitas, yupo kule kwenye mlango wa stoo, mama wa watoto wanne, amechapa katika ofisi hii miaka kumi na saba, tangu enzi za taipureta. Nasema haya bila chuki. Wizara ilipotuagiza tupunguze nafasi moja ya kazi, kama ofisi zote zinavyopunguza siku hizi, niliona ni haki apunguzwe yule anayeichelewesha mashine, nikamwagiza achape barua ya kulipendekeza jina lake mwenyewe, kwa kuwa hatuna mchapaji mwingine. Hakulia. Aliniuliza tu kama iwe na nakala mbili au tatu. Nikasema tatu. (Mama mmoja wa vitumbua anatikisa kichwa.)

Jumatatu iliyofuata nikasafiri kwenda Dodoma kwa siku nne, na hapa, waheshimiwa, ndipo mafanikio ya Mradi yanapoanza. Kwani siku ya kwanza kompyuta haikuamka kabisa. Bi Felicitas, ambaye hakuwa na kazi ya kuchapa, akavuta kiti akakaa mbele ya kioo akaangalia kinachopita, na anadai kwamba aliona majina ya mafaili yote ya ofisi yakisomwa moja moja, mpaka barua za rambirambi za mwaka juzi, kwa muda wa saa nzima na dakika kumi; kisha ukaguzi ukasimama, ukauliza kama uifunge taarifa, ndiyo au hapana, ukangoja. Na kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, anayeruhusiwa kubonyeza ndiyo ni mkuu wa ofisi peke yake, kwa sababu katika utumishi hakuna taarifa ya ukaguzi inayofungwa bila idhini ya mkuu. (Kicheko kinaanza upande wa Keko.)

Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba mashine ilikuwa ikimaliza ukaguzi saa tatu kasorobo, halafu inanisubiri mimi nimalize chai. Hilo ni tafsiri. Mimi hunywa chai kwa haraka. (Kicheko kirefu. Salumu anakaa chini kwenye benchi lake.)

Alichofanya Bi Felicitas kesho yake, na nakiri alikifanya bila kibali, ni kubonyeza ndiyo na kuifungua ile orodha ya asubuhi, akautafuta mstari unaoita ukaguzi, akaandika mbele yake neno moja la kuufanya urukwe, akazima, akawasha. Mashine ikaamka kabla hajapata kuufunga mkoba wake. Ukaguzi hakuutupa, kaupangia Ijumaa jioni, watu wakishaondoka, na kitufe cha ndiyo anakibonyeza mwenyewe. Ndugu Salumu akapata leseni yake siku ile ile kabla ya saa nne. Implementesheni yote ilichukua dakika sita, na kwa kuwa ilifanyika ndani ya ofisi ninayoiongoza, kwenye mashine niliyoiomba, mbele ya kitambaa cha mke wangu, naitangaza leo kuwa ni matokeo ya moja kwa moja ya Mradi wa Kuharakisha Uwashaji, ambao mimi ndiye Mratibu wake, na ambao umefikia tageti kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi machache. Sauti: "Na mama Felicitas je?")

Nimesikia swali. Utaratibu ni utaratibu, barua imeshakwenda, na mimi nikishatia saini huwa sirudi nyuma. (Zomeazomea ya adabu.) Sasa naomba tuseme pamoja: Kompyuta! (Umati: Iamke!) Mradi! (Umati haujui la kujibu.) Naona Mheshimiwa Bi Najat ananipa karatasi. Ni jibu la wizara, limekuja kwa wakati wake, na kwa uwazi nitalisoma hapa hapa kama lilivyo.

"Rejea barua yako. Wizara imeridhia pendekezo lako kwamba nafasi itakayopunguzwa katika ofisi yako ni ile ya Mratibu wa Mradi wa Kuharakisha Uwashaji wa Kompyuta, na mwenye nafasi hiyo aache kazi mwisho wa mwezi huu." (Msemaji anageuza karatasi, anatazama nyuma yake, anaigeuza tena.) Saini hii ni yangu. Bi Felicitas, barua hii uliichapa wewe?

(Felicitas, kutoka mlango wa stoo: "Niliichapa mie, mzee. Nikakwambia usome kwanza. Ukaniambia mkuu hasomi, mkuu anasaini.")

(Bi Najat anauliza kwa upole mwenye nafasi hiyo ni nani, ili amwandike.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndugu wananchi, kabla sijashuka jukwaani nina shukrani. Nakushukuru kwa kuja, na kwa kuwa tuko katika zama za ukweli, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba Mradi uliotajwa haujawahi kuwepo, hauna jalada, hauna mhuri, kamati yake haijakaa hata siku moja, na mimi, Zahor Mbaraka, sijapata kuwa mratibu wa chochote. Kompyuta ilitengenezwa na karani wa ofisi hii, Bi Felicitas, peke yake, na yeye yupo, na ataendelea kuwepo. Soda zipo kwenye ndoo. Asanteni.